Sampuli ya pua anayojichukulia mgonjwa: asilimia 87 inatuambia nini

Wanaozitilia shaka sampuli za influenza (homa ya mafua) ambazo mgonjwa anajichukulia nyumbani wana hoja moja kubwa: mtu asiye na mafunzo hawezi kujichukulia sampuli ya pua kwa kijiti ipasavyo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2019, unaonekana kuwaunga mkono. Sampuli za kujichukulia ziligundua asilimia 87 ya wale ambao sampuli ya mhudumu wa afya iliwaonyesha kuwa na influenza, na zilitoa majibu sahihi kwa asilimia 99 ya wasio nayo. Ile asilimia 13 inayobaki, yaani wagonjwa waliokosekana, ndiyo hurudiwa kila mjadala unapozuka.

Swali ni kwamba takwimu hizo zimepimwa kwa kulinganishwa na nini. Zimelinganishwa na sampuli ya mhudumu, ambayo nayo haikosi kasoro. Mgonjwa akipata virusi ambavyo mhudumu hakuvipata, hesabu humwangukia mgonjwa: majibu yake huandikwa kuwa chanya ya uongo, yaani kana kwamba ameambiwa ana influenza ilhali hana. Isitoshe, kuna tafiti ambazo mhudumu alifikisha kijiti nyuma kabisa ya pua huku mgonjwa akiishia mbele au katikati. Hapo kinacholinganishwa ni sehemu mbili za pua, na lawama anabebeshwa mkono wa mgonjwa.

Halafu kuna muda. Virusi vya influenza huwa vingi puani siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua. Kwa watu wazima wengi wenye afya njema, baada ya siku tano hadi saba huwa vigumu kuvipata. Anayejichukulia sampuli jioni ile ile homa ilipoanza anachota virusi vikiwa kileleni. Mwingine atafika kituoni siku ya nne, na ufundi wa muuguzi hautavirudisha vilivyokwisha. Tafiti za ulinganisho huchukua sampuli zote mbili kwa wakati mmoja au karibu hivyo, kwa hiyo faida hii haimo kabisa katika 87. Wala hawamo wale wasiokwenda kituoni, ambao ndio wengi wa wagonjwa wa influenza katika jamii.

Tufanye hesabu. Chukua watu 1,000 wenye homa na kikohozi msimu ukiwa umepamba moto, 300 kati yao wakiwa na influenza. Kwa viwango vile vya 2019, 261 watagunduliwa, 39 watakosekana, na 7 wasio nayo wataambiwa wanayo. Majibu chanya yatakuwa 268, karibu yote ya kweli. Majibu hasi yatakuwa 732, na takriban mmoja kati ya 19 wa kundi hilo ana influenza. Sasa hamia nje ya msimu, wagonjwa wakiwa 20 tu kati ya 1,000: watagunduliwa kama 17, na chanya za uongo zitakaribia 10. Kijiti ni kile kile na mkono ni ule ule, lakini zaidi ya theluthi moja ya majibu chanya si ya kuaminika. Hilo halitibiwi na mafunzo ya muuguzi.

Uchukuaji wenyewe hauhitaji ustadi mkubwa. Mgonjwa apenge kamasi kama zimejaa, anawe mikono, aingize kijiti chenye ncha ya nyuzi za sintetiki kwa kina ambacho maelekezo ya kifaa yanataka, akibane kwenye ukuta wa pua na kukizungusha angalau mara nne kwa sekunde 10 hadi 15. Arudie tundu la pili kwa kijiti kile kile. Kinachoharibika zaidi ni mguso: watu huogopa kuumia, wakazungusha kijiti hewani, kikatoka kikavu. Kijiti cha mbao au chenye ncha ya alginati ya kalsiamu kisitumike, kwani kinaweza kuzuia kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta chembe za urithi za virusi, kufanya kazi. Sampuli iliyo kwenye kimiminika cha kuhifadhia virusi kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na kupimwa ndani ya saa 72.

Maabara ina njia ya kumkagua mgonjwa: hutafuta pia jeni ya binadamu, mara nyingi RNase P. Isipoonekana, jibu linakuwa “sampuli haifai”, badala ya hasi ya uongo. Ulinzi huu una mpaka wake, maana jeni hiyo huthibitisha kwamba seli zimepatikana tu, bila kusema zimetoka kina gani.

Wenye shaka wana haki zaidi kwenye vipimo vya haraka vya antijeni, vinavyotafuta protini za virusi. Mstari wa udhibiti, ule unaotokea kwenye kifaa kuonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, humaanisha kimiminika kimepita. Hauonyeshi kama kijiti kiligusa pua. Vipimo hivyo vyenyewe hukosa wagonjwa wengi kuliko PCR, hata sampuli ikichukuliwa na mtaalamu, hivyo udhaifu wa kipimo na wa sampuli hujumlishwa pamoja. Mwenye nimonia kali naye anaweza kuwa na virusi mapafuni huku pua ikitoa hasi, na huyo anahitaji sampuli ya njia ya chini ya hewa.

Kwa hiyo jibu hasi la nyumbani lisimcheleweshe mjamzito, mzee, mtoto mdogo sana au mwenye kinga dhaifu. Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi vya influenza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, na daktari anayeshuku influenza kwa watu hao anaweza kuianza kabla ya majibu yoyote kutoka.