Kamirithu haikuwa burudani tu

Kuna makala inayosema wasanii wabaki kwenye burudani, siasa wawaachie wanasiasa. Sikubaliani kabisa. Mwaka 1977 kule Kamirithu, kijiji cha Limuru nchini Kenya, wakulima na vibarua wa viwandani walijijengea ukumbi wa wazi, wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kuhusu ardhi na ujira duni. Mazoezi yalikuwa hadharani, wanakijiji wakiwasahihisha waigizaji hadi lugha. Novemba serikali ikafuta kibali cha maonyesho. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi wenyewe. Kama ilikuwa burudani tupu, mbona walivunja hadi jukwaa?

Mimi nimewahi kuigiza sokoni, mchezo kuhusu ushuru wa vibanda. Katikati ya onyesho mama muuza omena akasimama, beseni mkononi, akamwambia mwenzetu aliyeigiza karani wa ushuru, "Wewe kijana, risiti yangu ya jana iko wapi?" Tukayaacha maneno tuliyokariri, tukamjibu. Watu wakaanza kupekua mifuko na vibeti wakitafuta risiti zao. Wengi hawakuwa na hata moja.