Geuza jani kwanza

Januari, mizabibu yangu ya Hombolo, Dodoma, ilipoanza madoa, nilikwenda mjini kwenye duka la pembejeo mikono mitupu. "Ndugu, zabibu zina ukungu." Muuzaji hakuuliza swali hata moja, akanipa salfa. Nilipuliza, wiki iliyofuata nikarudia, majani yakazidi kukauka hadi vichala vikabaki vinaning'inia bila kivuli.

Mzee jirani ndiye aliyekuja kuligeuza jani. "Mwanangu, huku chini ulitazama?"

Sikuwa nimetazama. Neno "ukungu" ndilo lililoniponza, maana mzabibu una ukungu wa aina mbili. Ubwiri unga hukaa juu ya ngozi ya jani kama vumbi la kinuni. Ukipitisha kidole linafutika, na punje changa ikishikwa na ugonjwa huo hupasuka. Huo salfa inauweza. Ubwiri vinyoya huanza na doa la njano linalong'aa kama tone la mafuta, na asubuhi baada ya usiku wa mvua, chini ya doa hilohilo unakuta utando mweupe kama pamba. Huo umejikita ndani ya jani, na kitaalamu si kuvu hasa, uko karibu zaidi na mwani. Salfa haiugusi. Dawa yake ya zamani ni mruturutu, ile chumvi ya buluu ya shaba, uliochanganywa na chokaa, jambo ambalo mtaalamu wa mimea Millardet alilitangaza kule Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885, nayo hukinga tu: jani lililokwisha kuugua hailiponyi. Tena joto likivuka nyuzi 30, kama lilivyo jua letu la mchana, salfa yenyewe inaweza kuunguza majani. Kwa hiyo huenda nililipia kuichoma mizabibu yangu mwenyewe.

Najua nitaambiwa mkulima asome. Sawa, na kituo cha utafiti wa zabibu tunacho hapahapa Makutupora. Lakini mwenye shamba linalokauka hakimbilii kituoni, anakimbilia dukani, na uamuzi unafanyika pale kaunta kwa dakika mbili. Ndiyo maana nataka sharti liwekwe palepale: anayeuza dawa ya ukungu aombe kuona jani, alitazame pande zote mbili, ndipo ashike chupa. Aliyekuja mikono mitupu, kama nilivyokwenda mimi, arudishwe shambani akalichume, hata kama ametoka Hombolo kwa nauli ya kukopa.