Dumu la Maji Halipandi Mlima kwa Amina

Niseme mapema kabisa, mi ni mtu wa kanisani, tena ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo huku Mabatini, kwa hiyo haya nnayoandika najichoma na mwenyewe, asije mtu akasema nashambulia kanisa.

Kwa ambao hamjawahi kufika Mwanza, nyumba zetu nyingi ziko milimani katikati ya mawe. Ukiwa kwenye daladala kule chini unaona pazuri kweli unatoa simu unapiga picha, ila anayeishi juu ana habari nyingine. Boda inakushusha pale njia inapoishia, kuanzia hapo ni miguu yako na vingazi vya mawe ambavyo mvua ikinyesha vinateleza kama kambale. Na maji siku presha ikiwa ndogo hayapandi, watu wanashuka na madumu wanapanda nayo. Dumu la lita 20 ni kilo 20 hizo, weka kichwani halafu anza kupanda uone.

Sasa msimu wa mvua uliopita mama mmoja jirani yetu, mwanajumuiya mwenzetu, anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, aliteleza kwenye hivyo vingazi akavunjika mguu, akafungwa hogo akaambiwa asiukanyagie. Mi kama katibu nikafanya ya kikatibu. Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp "wapendwa mama yetu amepata ajali tumkumbuke kwa maombi", zikamwagika amina na vile vimikono. Jumamosi jumuiya ikahamia kwake, tulikuwa watu 18, tukasali tukaimba, neno likasomwa, ikapita kapu ikapatikana elfu ishirini na kitu, tukapiga picha ameshika bahasha mguu umenyooshwa kwenye stuli. Na chai tukanywa jamani, mi nilikunywa vikombe viwili.

Jumatatu asubuhi nashuka kwenda kazini nakutana na binti yake, yuko darasa la sita, anapanda na ndoo. Akanisalimia shikamoo baba, nikamuuliza mbona hujaenda shule. Akasema nachota maji, yaliyokuwepo yaliisha Jumamosi walivyokuja wageni.

Wageni. Mi kutoka kwangu mpaka kwao ni vingazi kama arobaini.

Najua hapa mnasubiri niwaambie kulikuwa na Msamaria fulani, kijana wa kijiweni anayeonekana mhuni, ndo alikuwa anawaletea maji kimyakimya. Hakuwepo. Alikuwepo huyo mtoto na ndoo yake basi. Siku nzima ile nilikuwa najisikia vibaya, kwa sababu Yakobo sura ya pili nimeisoma mwenyewe mbele ya watu zaidi ya mara moja, ile ya "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", na kila nikiisoma namuona mtu mwingine kabisa wala sijawahi kujiona mimi.

Yani sisi watu wa ziwa kwenye majanga makubwa hatuna mpinzani. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 200, waliokimbilia mwanzo kabisa walikuwa wavuvi na wanakijiji wa pale pale na mitumbwi yao, nani alikuwa anauliza huyu dhehebu gani. Msiba tunaujua, mtu akifa tunalala nje wiki nzima na sufuria za kuazima. Ishu yetu ni ile Jumanne ya kawaida ambayo hakuna aliyekufa, mtu ana shida ndogo tu ya kumuondolea nusu saa kila siku, hapo ndo tunakumbuka tuna mambo mengi.

Na sio kwamba hatujui. Mi nimelelewa na bibi Igombe, pale ufukweni, yeye kazi yake dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, asubuhi mnaanika, jua likiwaka vizuri jioni mnakusanya. Mvua ikiwakuta wamekwisha, wataozea hapo au uwauze kwa bei ya kutupa wakawe chakula cha kuku. Sasa wingu likitokea ziwani, hakuna mtu alikuwa anauliza hizi dagaa za nani. Wote mnakimbia, wa kwako na wa mwenzio mnakusanya, yule mliyegombana naye juzi naye wake unazoa, mambo ya ugomvi mtaendelea nayo mvua ikiisha (na kweli walikuwa wanaendelea, bibi yangu alikuwa na mdomo). Hakukuwa na kapu wala picha, ukimaliza unaambiwa wabeja, asante ya Kisukuma, unaenda.

Kwa hiyo kwenye kikao nikasema tuweke zamu ya maji, kila nyumba dumu moja kwa siku yake mpaka mama atoke hogo. Mzee mmoja akasema hayo ni mambo ya serikali ya mtaa, jumuiya ni ya kusali. Shikamoo zake lakini hapo nilimkatalia, hizi jumuiya tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wanazihimiza, zilikusudiwa ziwe za majirani wanaojuana shida, kama ni kusali tu parokia ipo. Mwingine akasema mama hajaomba. Nani anaomba? Wewe ulishawahi kuomba? Usisubiri, nenda umuulize kitu gani leo hakijafanyika hapa nyumbani, halafu ukishakifanya nyamaza, maana kuna watu anakubebea ndoo moja mtaa mzima unasikia mwezi mzima, bora angekuacha na kiu yako.

Halafu kuna hili wengi hawapendi likisemwa. Jirani yangu ni nani, huku mlimani swali jepesi sana, ni yule ambaye maji yako machafu yanapita mlangoni kwake. Kuna mtu anaimba kwaya Jumapili, mvua kubwa ikianza usiku anatoka na jembe anatapisha choo, uchafu wote unashuka kwa walioko chini ambako watoto wanacheza, kipindupindu kikija tunafunga na kuomba. Ndugu yangu, kwa huyo wa chini yako kuchangia michango yote ya kanisa haisaidii kitu, ye anataka tu usifungulie choo. Nililisema hili kikaoni pakawa kimya mpaka nikasikia redio ya jirani.

Zamu ilienda wiki sita hivi, siku nyingine mtu alisahau, na familia mbili za Kiislamu za jirani zikajiingiza zenyewe bila kuitwa na kwakweli zilikuwa hazikosi siku kutuzidi sisi. Mtoto akarudi shule. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi na Alhamisi ya kwanza tu dumu lilinichomoka pale kwenye jiwe kubwa likaporomoka mpaka barabarani likapasuka, dumu lenyewe lilikuwa la mama. Sasa hivi anatembea, mwaloni karudi, na kila akiniona ananiuliza baba, dumu langu la njano liko wapi.