Mvua za Dodoma hazisubiri muhula uishe

Nilifundisha chuo kikuu Dodoma kabla ya kuhamia Leeds, Uingereza, na wenzangu niliowaacha nyumbani hushikilia kwamba huku mhadhiri anapumua kwa sababu ya fedha. Fedha zipo, sikatai, lakini tofauti kubwa ninayoiona mimi ni ya muda, na ya namna kazi inavyohesabiwa.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Mtafiti wa udongo au wa mtama anayetaka kumfaa mkulima wa Bahi au Chamwino hana budi kuwa shambani miezi hiyo, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ndiyo mhadhiri anabanwa na vipindi, semina na mitihani ya muhula wa kwanza, pengine kwa kozi yenye wanafunzi mia kadhaa ambao karatasi zao anazisahihisha mwenyewe. Likizo ndefu inapofika, shamba limebaki mabua. Walio katika fani ya ualimu hata likizo hiyo hawaioni, kwa kuwa hutawanywa mikoani kuwakagua wanafunzi walioko kwenye mazoezi ya kufundisha. Afadhali mtafiti wa zabibu, zao ambalo Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka! Hivyo makala huandikwa usiku, na mkulima huishia kujaza dodoso ambalo majibu yake harudishiwi.

Upandaji wa vyeo nao huegemea zaidi makala zilizochapishwa kwenye majarida; siku ambazo mhadhiri amekaa kijijini akieleza matokeo yake kwa Kiswahili, au kwa Kigogo kupitia mkalimani, hazimsogezi mbali. Simlaumu anayechagua makala.

Uingereza, katika tathmini ya kitaifa ya utafiti ya mwaka 2021, asilimia 25 ya alama zilitokana na manufaa ya utafiti nje ya vyuo, na matokeo ya tathmini hiyo huingia katika mgawo wa fedha za serikali kwa vyuo. Kwa hiyo mkuu wa idara ana sababu ya kumpunguzia vipindi anayeshirikiana na hospitali au halmashauri. Huku nako si peponi: wahadhiri wamegoma mara kadhaa tangu 2018, mzigo wa kazi ukiwa miongoni mwa madai yao, na ukusanyaji wa ushahidi wa manufaa hayo umezaa urasimu ambao nisingependa ufike Dodoma.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko hicho. Mhadhiri anayetafiti kilimo apangiwe vipindi vyake vingi muhula wa pili, na matokeo aliyoyawasilisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yakithibitishwa na muhtasari wa mkutano pamoja na afisa ugani, yapewe alama zinazokaribiana na za makala. Wapo watakaosema muhtasari wa kijiji unaweza kughushiwa. Lakini yapo pia majarida yanayochapisha makala yoyote iliyolipiwa, bila mtu kuisoma, na vyuo vimejifunza kuyatambua na kuyakataa.