Fungeni Macho, Msikilize

Kwanza kabisa, mzee hakula chuma. Ilikuwa alumini, na hakuila. Aliitafuna kidogo tu, akaitema kwenye kisahani. Kuna rafiki yangu mmoja, simtaji jina, anajijua, na kwa sasa bado ana meno yake yote, ambaye tangu Jumapili usiku anatangaza kwenye kila grupu la WhatsApp kwamba kompyuta yangu ilimlisha mjomba risasi. Nimepigiwa simu hadi kutoka Kisumu. Kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe kabla haijafika kwa shosho.

Mnaijua ile GTX 980 yangu, kadi ya kompyuta inayochora picha kwenye skrini. Ndiyo, bado ninayo. Ndiyo, ni ya 2014. Mwenye roho safi haulizi. Shida yake haikuwa umri, ilikuwa kelele. Iliyotoka nayo kiwandani ni feni moja tu kule mwishoni, inasukuma hewa ya moto itokee nyuma ya keisi, yaani sanduku la kompyuta, na ikipewa kazi inapiga yowe. Kikao kilichopita cha kamati ya harusi ya binamu yangu kilifanyika kwangu, na tulikuwa tunatazama video ya ruracio, sherehe ya mahari, niliyoihariri kwa mikono hii. Mama wa bibi harusi alitoa hotuba yake yote pale kwenye TV, na alichosikia mjomba ni feni. Akaniuliza mbele za watu kama kuna kitu nimeacha jikoni.

Hilo halikunipita hivihivi. Wiki hiyohiyo nikashuka Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi, nikapata kwa jamaa fulani Accelero Xtreme III ya mtumba. Kile ni kipoozeo cha heshima: feni tatu za milimita 92, mabomba matano ya shaba, urefu karibu sentimita 29. Kasoro zake zilikuwa ndogondogo. Waya wa feni ulikuwa umekatwa plagi. Gundi ya kubandikia vile vinyonya-joto vidogo juu ya chipu za kumbukumbu ilikuwa imeisha na mmiliki wa kwanza. Na keisi yangu haikuwa na sentimita 29 za kumgawia mgeni, kwa hiyo niliipakata kwenye matatu hadi Kamukunji, fundi wa masanduku akanikatia kizimba cha diski ya kuhifadhia mafaili kwa patasi na nyundo, huku akitaka kujua nafuga nyuki wapi. Mlango wa keisi haujawahi kufunga tangu siku hiyo. Lakini kipoozeo kiliingia.

Plagi niliishughulikia. Tundu la feni lililo kwenye kadi ni dogo kuliko la kawaida na sikuwa na adapta, basi nikalehemu plagi ya kawaida ya pini nne na kuichomeka kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Kisha nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikapanga kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikiwa chini ya nyuzi 60, feni zisimame kabisa. Kuwe kimya. Wanaojua mambo haya wameshashika kichwa. Msiojua subirini, mtajua pamoja na mjomba.

Kuhusu gundi, nilinunua tepu ya pande mbili. Muuzaji aliniapia kwamba inavumilia joto. Sikumwuliza joto gani. Labda alimaanisha la Nairobi mwezi wa Julai.

Sasa Jumapili. Kamati imejaa. Kompyuta nimeiweka juu ya stuli kando ya TV, tumbo wazi, feni tatu zinaonekana, na meza ya chai iko chini yake kwa sababu chumba changu ni kimoja na vitu vyote vinaishi kando ya vitu vingine. Video ikachezwa tangu mwanzo. Hotuba ya mama ikasikika hadi pale anapomeza mate. Mjomba akageuka, akanitazama, akasema, "Leo kumetulia, kijana yangu."

Ningeweza kukaa chini hapo. Kuna watu wa hekima ambao wangekaa chini hapo.

Nikafungua FurMark. Kwa wasioijua, ni programu ya kuitesa kadi makusudi: inachora duara lenye manyoya linalozunguka, na hayo manyoya ndiyo mzigo wenyewe. Kadi inafanya kazi kwa nguvu zake zote, prosesa inakaa tu kama mgeni wa heshima, na joto la kadi linaandikwa hapohapo kwenye skrini. Nikawaambia wazee kwamba hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nikawaeleza, hakuna aliyeniuliza, kwamba Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na feni ya hapa ina kibarua kigumu kuliko feni ya Mombasa. Rafiki yangu alikuwa ameegemea mlango na mandazi mkononi. Nikamwona akitabasamu. Nilidhani ni fahari.

"Sasa," nikasema, "fungeni macho, msikilize."

Jamani, katika ukoo wetu ukimwambia mtu mzima afumbe macho, unamaanisha jambo moja tu. Mjomba akavua kofia. Shangazi, ambaye ndiye mweka hazina, akaweka mikono juu ya daftari la michango. Kamati nzima ikainamisha vichwa. Nami, kwa kuwa nilikuwa nauona utukufu wangu waziwazi, nikafumba macho vilevile.

Kimya. Kimya kitamu ajabu. Nilisikia matatu ikipiga honi kule barabara kuu. Nilisikia tumbo la mtu.

Aliyebaki macho wazi ni mtoto wa shangazi, ambaye yuko darasa la pili na anasoma kila kitu chenye namba.

"Themanini na tatu," akasema.

Hakuna aliyejibu. Watu wako kwenye maombi.

"Themanini na nane... Tisini."

"Elfu?" akanong'ona shangazi, macho yamefumbwa. Nikasikia kalamu ikibonyezwa.

"Tisini na mbili."

"Bwana asifiwe," akasema mtu wa kule kwenye kitanda.

Ndipo nikasikia: *ti*.

Sauti ndogo sana. Nikajiambia ni kijiko. Halafu harufu ikaja, harufu ya tepu inayoaga dunia, na nikajiambia ni ya jirani, maana jirani yangu huchoma vitu. *Ti*. Kingine. Mnaelewa jinsi kadi inavyokaa ndani ya keisi iliyosimama? Inalala, uso chini. Vile vinyonya-joto vyote vilikuwa vinaning'inia kichwa chini, vimeshikwa na ahadi ya muuzaji wa Luthuli.

"Tisini na sita."

*Ti*, kikadunda kwenye ukingo wa keisi, kimya kidogo kikiwa hewani, kisha *chubwi*.

Lile chubwi nililijua. Kwenye chumba kile kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuchubwia. Bado sikufumbua macho. Msiniulize kwa nini. Nadhani niliamini kwamba nisipoona haijatokea.

"Tisini na nane," akasema mtoto, na skrini ikawa nyeusi.

"Amina," akasema mjomba. Akavaa kofia, akachukua kikombe chake, akanywa funda kubwa la mtu aliyeombewa. Nikafumbua macho wakati taya lake linasimama. Akatafuna mara moja. *Krr*. Akafikiri. Akaleta kisahani mdomoni taratibu, kwa adabu zote za wazee wa kwao, na kikadondoka pale kipande cha alumini chenye ukubwa wa bonge la sukari na safu za meno juu.

"Kijana yangu," akasema, "hii umeinunua duka gani?"

Rafiki yangu alikuwa ameshafika kwenye kompyuta. Akaweka kidole kwenye feni ya kwanza. Akaweka kwenye ya pili. Hakuhitaji kuiangusha sauti yake namna ile, kila mtu alikuwa anamsikia, si nilikuwa nimeleta ukimya.

"Hizi hazizunguki," akasema. Akageuka kwa kamati. "Hazijazunguka tangu tuingie."

Yaliyofuata ni mafupi. Shangazi alipepea kadi kwa daftari la michango. Mtu alileta maji, akazuiwa mlangoni. Kadi ilipoa, ikawaka, iko salama, kwa maana nyuzi 98 ndicho kikomo ambacho Nvidia wenyewe waliiandikia na ilijizima kwa akili zake. Adapta ya plagi nimeshaipata, feni sasa zinatii joto la kadi na si la prosesa, na gundi halisi iko njiani. Vinyonya-joto vimepatikana vyote isipokuwa kimoja, na mjomba anasema hajisikii vibaya.

Ila wale mnaosema nilidanganya wazee, hapana. Niliahidi ukimya. Nani alisikia kelele? Atajwe.

Kikao kijacho kimehamishiwa kwa mwenyekiti, ambako wataangalia video kwenye simu. Nilidhani mambo yameishia hapo, hadi leo asubuhi shangazi aliponipigia. Amepitia daftari, ameona ahadi aliyoiandika wakati wa maombi, na kwa kuwa ilitolewa nyumbani kwangu anataka kujua hizo elfu tisini na nane nitazituma kwa M-Pesa au nitapeleka benki.