Mbio za Kuitikia Salamu

Mtu mzima akionekana anakimbia katika mji huu wa Unguja, watu humdhania mawili: ama boti ya Dar es Salaam inamwacha, ama amefikiwa na habari ya msiba. La tatu, kwamba mtu mwenye wajukuu anaweza kutoka msikitini alfajiri akavaa raba, akakimbia kutoka Mnazi Mmoja hadi Mazizini, kisha akarudi mikono mitupu, halijaingia akilini mwa jirani yangu mpaka leo, naye kila nikimpita huniuliza kwa huruma ya kweli kama nyumbani kuna salama.

Niliporudia mbio baada ya kuziacha tangu skuli, nilitaraji magoti yalalamike, na kwa hakika hayakuniangusha. Ambalo sikulitaraji ni salamu. Kuanza salamu ni suna lakini kuitikia ni faradhi, na wenzetu hawasalimu kwa neno moja: watakuuliza u hali gani, bibi hajambo, watoto wazima, yule mgonjwa ameshatoka hospitali, na hayo yote huyauliza wameketi barazani na vikombe vya kahawa mkononi, wakati wewe unapanda Kilimani na pumzi zimekutoka. Ukipunga mkono tu ukapita, jioni utasikia kwamba umeota kiburi.

Hata hivyo, salamu hizo hizo ndizo zilizokuwa kipimo changu nilipopewa ukocha, cheo kisicho na mshahara nilichokabidhiwa na shemegi yangu, muuza samaki mmoja wa Darajani na vijana wachache wa mtaani, baada ya kuniona nakimbia na bado ni hai. Makocha wa mbio ndefu husisitiza kwamba mazoezi mengi yawe ya mwendo wa pole, ambao mkimbiaji anaweza kuzungumza sentensi nzima, kwani moyo na mapafu huzoea upesi, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Anayefuata kasi ya mapafu yake ndiye anayeanza kuchechemea kabla ya wenziwe. Kwa hiyo niliwaambia kwamba asiyeweza kuitikia salamu mpaka ya mwisho apunguze mwendo. Walikubali wote kwa adabu. Lakini tukikaribia baraza lenye watu, matumbo hubanwa, vifua hutanuliwa na mbio hutimuliwa, kisha kona ikishawaficha huinama wakashika magoti, na kocha hulaumiwa kwamba mazoezi yake ni makali.

Shemegi ndiye haambiliki, nami siwezi kumkemea mume wa dada yangu mkubwa. Hoja yake ni Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 kule Christchurch alitangulia tangu mwanzo wa mita 1,500 na akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba Bayi alikuwa na umri wa miaka 20, na sidhani kama usiku wake alilalia biriani. Shemegi alinyamaza hadi tulipofika Migombani, ama kwa kutafakari, ama kwa kukosa pumzi.

Mwanafunzi wangu pekee mwenye kufahamu ni yule muuza samaki, ambaye hukimbia taratibu, huitikia kila salamu, na hata hupokea oda za changu na kibua njiani bila ya kusimama.

Sasa wameamua kwamba tuwe kikundi rasmi, ili nasi tuonekane katika matembezi ya siku ya mazoezi ya kila Januari 1. Tunaye mwenyekiti, tunaye katibu, tunaye mshika fedha, na fulana zimekwisha kuchapishwa kabla hata mmoja wao hajafika Mazizini bila ya kutembea. Mshika fedha mwenyewe hajawahi kukimbia nasi, kwa sababu anasema alfajiri kuna umande. Lakini jana alinisimamisha Michenzani mbele za watu, akaniuliza kwa sauti kwa nini kocha hajalipa ada.