Majira ya Baridi ya Kukodi

Nilipostaafu ualimu, nilijitwika kazi ya kukuza misprusi ya buluu uani kwangu, huku Kasarani. Niliona kwamba mti wenye sindano, yaani majani membamba yenye ncha, za rangi ya samawati iliyochanganyika na majivu ungependeza bustanini mwaka mzima, ungefaa sebuleni wakati wa Krismasi, na jijini Nairobi, ambako wengi wetu hununua msaiprasi kando ya barabara, nisingekuwa na mshindani. Kwamba kukosa mshindani kunaweza kuwa na sababu yake ni jambo ambalo halikunijia akilini.

Asili ya mti huu ni milima ya Rocky, Marekani, ambako huota baina ya mita 1,800 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na tangu mwaka 1939 ndio mti rasmi wa jimbo la Colorado. Kwa kuwa Nairobi nayo iko kwenye mita 1,800 hivi, nilimtangazia mke wangu kwamba Mola alituweka kimo hiki kwa makusudi.

Mbegu nilizoagiza, kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, zilinipa miche 3 tu, na baada ya miaka miwili mrefu kuliko yote haujafika kwenye kifundo cha mguu wangu.

"Baba Njeri," mke wangu akaniambia, "mtoto wa jirani amezaliwa, amejifunza kutembea, na sasa anaikanyaga miti yako."

Hapo ndipo niliposoma sehemu niliyoiruka, kwamba miti hii hulala wakati wa baridi kali ili iamke na nguvu ya kuchipua. Baridi yetu ya Julai, inayotufanya sisi tulale na masweta, kwao si chochote. Friji ya nyumbani nilikatazwa hata kuitazama. Nikaenda kwa binti mwenye duka la maziwa, tukapatana shilingi 50 kwa siku, na vyungu vyangu 3 vikapewa rafu ya chini ya friji yake ya kioo.

Wiki ya tatu akanipigia simu. "Mwalimu, njoo upesi, watu wananiua."

Nilikuta foleni iliyogeuka kuwa baraza. Mama mmoja alikuwa ameinua pakiti ya mala, yaani maziwa ya mgando, na kuuliza kama siku hizi huchanganywa na dawa ya kusafishia choo, kwa maana sindano za msprusi zina utomvu wenye harufu kali, nayo harufu hiyo ilikuwa imehamia kwenye maziwa. Niliomba nafasi ya kueleza, na kwa mazoea ya darasani nikaanzia mbali: jina la Kilatini la mti huu ni Picea pungens, na neno hilo la pili linahusu ncha kali za sindano wala si harufu. Kijana mmoja, ambaye hakuwa na subira na Kilatini, alipenyeza mkono rafu ya chini kuchukua maziwa yake, akathibitisha maelezo yangu kwa mayowe.

Nilinunua mala yote iliyobaki, pakiti 22. Tuliinywa, tukaikandia chapati, na mjukuu wangu akasema chai ya babu ina ladha ya seremala.

Miche miwili ilipukutisha sindano zote siku chache baada ya kurudi juani. Wa tatu ungali hai, nao ni wa kijani kibichi, maana miche inayotokana na mbegu si yote inayojaliwa kuwa ya buluu, habari ambayo nayo niliisoma nikiwa nimechelewa. Desemba mke wangu aliutundikia pambo moja dogo, ukainama hadi sakafuni.

Nikatoka kwenda kununua msaiprasi. Muuzaji alipoona ninavyoukagua mti wake kwa makini, nikipima shina na kunusa majani, aliniuliza kwa heshima, "Mzee, kwani wewe unafanya kazi gani?" Nikamjibu kwamba niko katika biashara ya miti, naye akanipunguzia shilingi 100.